Saa ya Posa

Baba yangu alikuwa fundi saa wa Manyoni, na kwa miaka mingi hakuwa na mwenzake. Meza yake ilikaa kwenye baraza la duka la mshona nguo, mahali ambapo abiria aliyeshuka kwenye treni hakuwa na njia ya kumkwepa. Ufundi aliupata Tabora kwa Mhindi mmoja mzee, ambaye hakuwahi kumgombeza, ila alimrudishia kazi mbovu mara nyingi mpaka akalia.

Sisi ni Wanyaturu wa Ikungi. Ndugu zake baba hawakumwelewa. Mwanamume ana ng'ombe nyumbani, halafu anakwenda kukaa mjini kuchokonoa vijichuma? Lakini watu wa reli walimwelewa vizuri. Treni haimsubiri mtu, na mfanyakazi wa reli mwenye saa mbovu hana maisha marefu kazini. Walimletea saa zao kutoka Itigi, kutoka Saranda, hata kutoka Dodoma ambako mafundi walikuwepo.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nilipomaliza shule ya msingi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana pale mezani, nikisubiri vyombo. Siku moja aliangusha skrubu ndogo akawa anapapasa sakafuni. Nikaiona, nikaiokota kwa ncha za kucha. Bibi alikuwa amenifundisha kutunga shanga tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo vidole vyangu havikuogopa vitu vidogo. Baba akanitazama, akanisogezea saa iliyofunguliwa, akasema, "Basi irudishe mwenyewe mahali pake." Niliirudisha. Kesho yake nilipoleta chakula nilikuta kiti cha pili.

Alinifundisha kusikiliza kabla ya kufungua. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo saa aliibana kwa meno, akafumba macho, na mlio ukampanda kwenye mfupa wa taya. Nami nikafanya hivyo hivyo. Saa nzuri ya Uswisi ina mlio mdogo, mkavu, wa karibu karibu na uliolingana. Saa ya kuigiza hugonga kwa kishindo kama kuku anayedonoa bati. Baada ya hapo ndipo tulifungua mfuniko wa nyuma na kutazama mawe, vile vijiwe vyekundu vidogo kuliko punje ya ulezi ambamo ncha za magurudumu huzungukia, ili chuma kisilane na chuma.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya Azimio la Arusha. Saa za nje zilikuwa zimeadimika madukani, na mwenye saa ya dhahabu aliishushia mkono wa shati asije akaitwa kabaila. Lakini tamaa ya dhahabu haikuisha kwa azimio. Saa zilikuja kimyakimya kutoka bandarini, zimeviringwa kwenye leso, na nyingi zilikuwa za uongo. Baba alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja: saa ya uongo hakuiita ya kweli kwa ajili ya mtu yeyote, na mwenye saa hiyo hakumcheka. Alimwambia taratibu, akamwonyesha, akamwacha aende zake na heshima yake.

Miongoni mwa watu wa reli waliokuja mezani alikuwepo kijana wa Kinyiramba kutoka Misigiri. Kazi yake ilikuwa stesheni ya Itigi, kuongoza treni kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Alianza kuja na saa yake, kisha na saa za wenzake, kisha na saa ambazo hazikuwa na ubovu wowote. Baba alizipokea zote, akanisogezea. Mimi ndiye niliyezifungua na kuzifunga, nikimwambia, "Hii nayo nzima," naye akajibu, "Nilidhani inachelewa kidogo."

Wazee wake walikuja kuposa baada ya mavuno. Walikuja na debe la asali ya Itigi na maneno ya heshima, na mbele yao mjomba wake akiwa mshenga. Mazungumzo ya ng'ombe yalikwenda vizuri. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, tukisikiliza nyuma ya pazia. Halafu mjomba akasafisha koo.

"Kijana wetu amesema mkwe wake ni mtu wa saa. Kwa hiyo, nje ya yote tuliyozungumza, amemletea hii. Dhahabu ya Uswisi. Mawe kumi na saba."

Shangazi akapiga kigelegele palepale. Kisha kukawa kimya. Nilijua baba anafanya nini: anaipima uzito kwenye kiganja, anaibana kwa meno.

"Mama," baba akaniita. Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu nikiwa mtoto. "Njoo huku."

Haikuwa desturi binti anayeposwa aitwe katikati ya kikao. Shangazi alinishika kitenge, akaninong'oneza kwa Kinyaturu kwamba hata ikiwa bati niseme nzuri. Nikatoka, nikapiga goti, nikawapa wazee shikamoo. Yule kijana alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Baba akanipa saa.

"Isikilize. Sema ulichosikia."

Nikaibana kwa meno. Sikuhitaji muda. Ilikuwa inagonga tu. Kwenye pembe zinaposhikia mkanda, dhahabu ilikuwa imeshaanza kufifia na shaba ikichungulia. Nilimtazama baba anisaidie, naye akawa anatazama mikono yake. Nikaelewa kwamba kazi ameniachia mimi, kama alivyoniachia ile skrubu. Niliogopa sana. Niliona ndoa yangu inarudi Misigiri na wageni wale. Lakini niliona pia kwamba nikisema uongo siku ile, baba angenisamehe, ila kile kiti cha pili kisingekuwa changu tena.

"Baba, hii si yenyewe," nikasema. "Ni ya kuigiza."

Mjomba akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Tumekuja kuposa au tumekuja kutukanwa? Binti gani huyu anayewaambia wageni kwamba wameleta uongo?"

"Wageni hawakuleta uongo," baba akasema. "Wameleta saa. Uongo umo ndani ya saa."

Uso wa yule kijana ulikuwa umebadilika, lakini hakunikwepa macho. Akauliza, "Umejuaje?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikaleta kisu kidogo na lenzi, nikakaa chini, nikaufungua mfuniko mbele yao wote. Nikamwonyesha maandishi ya ndani yaliyogongwa kombo. Nikamwonyesha vile vijiwe vyekundu: vilikuwa vimebandikwa juu ya bamba kwa urembo tu, mahali pasipo na ncha ya gurudumu hata moja. Kisha nikamfungulia saa ya baba, aiweke kando ya ile na aone tofauti. Aliinama na lenzi jichoni muda mrefu, shati lake jeupe likigusa mkeka.

"Nimeona," akasema mwishowe. "Aliyeniuzia aliapa kwa jina la mama yake."

Mjomba alitaka jambo liishe. "Hakuna kilichoharibika. Wewe uko stesheni, treni zinapita kila siku. Kuna abiria ataipenda hivyo hivyo ilivyo. Utaleta nyingine."

Kijana akatikisa kichwa. "Mjomba, samahani. Mimi nimeshaumia. Huyo abiria naye nimuumize kwa nini?" Akageuka kwa baba, akampa saa kwa mikono miwili. "Mzee, naomba uing'oe uso, isije ikamdanganya mtu mwingine. Vyuma vyake kama vinafaa, tumieni."

Baba aliipokea kwa mikono miwili vilevile. Nilimwona akimtazama kijana yule kama alivyokuwa akitazama saa iliyorudi kutembea. Akamwambia mjomba, "Posa yenu nimeipokea. Zawadi yangu nimeshapata." Shangazi hakujua kama apige kigelegele au anyamaze, mwishoni akapiga.

Wiki iliyofuata kijana alikuja mezani bila saa yoyote. Baba akakumbuka ghafla kwamba ana shida sokoni, akatuacha.

"Ulinitia aibu mbele ya wazee wangu," kijana akaniambia.

"Ungependa nikudanganye?"

"Hapana." Akafikiri. "Nyumbani nilikotoka watu walicheka. Nikawaambia, nyinyi chekeni, lakini mke wangu hataweza kudanganywa na mtu, na mimi hataweza kunidanganya." Kisha akacheka yeye mwenyewe, na mimi nikacheka mpaka bisibisi ikanidondoka.

Tulioana, nikahamia Itigi. Mume wangu alinitengenezea meza kwa mbao alizopasua mwenyewe, akaiweka mahali penye mwanga wa asubuhi. Mwanzoni watu walikuja kutazama mwanamke anayetengeneza saa, wakaondoka na saa zao mfukoni. Halafu saa ya ukutani ya stesheni ikasimama, na mkuu wa stesheni hakuwa na nafasi ya kusubiri fundi kutoka mbali. Nilipanda ngazi nikaishusha, nikaitengeneza, nikaipandisha, na treni iliyofuata ikaingia kwa saa yake. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kama naweza.

Nilikaa kwenye meza ile mpaka watoto wangu wakawa wakubwa. Mji mzima uliniita Fundi, wakubwa kwa wadogo, hata mchungaji na shehe. Baba alipokuja kutusalimia alikuwa akiketi karibu nami akitazama kazi, na mteja akimsogezea saa yake, alikunja mikono na kumwambia, "Mimi mgeni hapa. Fundi ndiye huyo."