Mpiga Gita Kwenye Karatasi ya Mandazi

Nauza mandazi hapa Kamembe, na aibu hii niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ninapenda vile vitabu vya mapenzi vya Kifaransa vinavyouzwa Bukavu. Kimoja kilikuwa cha mpiga gita la roki anayezunguka na bendi mji kwa mji, na mpenzi wake kazi yake kulia tu hotelini. Mwanamke gani huyo! Nikachukua biki, nikafuta jina lake kila ukurasa, nikaandika langu, Anjela. Na mpiga gita nikamwita Fideli, kama yule wa kwaya yetu.

Jumamosi nilimwambia mdogo wangu Fifi apeleke mandazi kwenye mazoezi ya kwaya. Sisi tunayafungia kwa kurasa za madaftari ya zamani. Madaftari yalikuwa yamekwisha, na badala ya kuniuliza, akachana kitabu changu!

Nilipoingia kanisani baadaye, waimbaji wote walinigeukia. Fideli, ambaye huniita yaya, yaani dada, akainua karatasi yenye mafuta.

"Yaya Anjela, huyu Fideli mwenye anakupigia magoti mu hoteli, ni miye?"

Kabla sijajibu, pasta akameza andazi lake.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ukurasa wenye unafuata uko hapa."