Siku Nilipomeza Firigisi ya Baba Mkwe

Naona haya kuandika hili, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo, kwani katika mtaa wetu wa Kitale ni mimi niliyerudi na diploma ya isimu, niliyojilipia kwa kuuza mitumba.

Mwaka wa 2004 tulienda Ndalu kumposa Nasimiyu. Kwa desturi mposaji hunyamaza, mjomba ndiye husema. Kuku alipoletwa, baba yake Nasimiyu, mwalimu mstaafu, akaniuliza kwa upole, "Kijana, ati ulisomea nini?" Mjomba alishafungua mdomo, nami nikamtangulia (ningejua, ningejitia kikohozi).

Nikasema nilisomea jinsi sentensi inavyofikia maana, na kwamba sarufi hazifuati njia moja.

"Onyesha basi," akasema mzee.

Nikavuta sahani. Sarufi moja, nikaeleza, hujenga kwanza umbo zima la sentensi, ndipo maana ipande kutoka kwa maneno ya chini hadi juu. Nyingine haingoji: kila neno huja na maana yake na njaa yake, kitenzi kikipata nomino huimeza, na maana huiva papo hapo. "Tuseme, Mgeni anampenda Nasimiyu. Kipapatio hiki ni mgeni, firigisi ni Nasimiyu, kitenzi ni mimi." Na kwa vile nilikuwa nimepamba moto, nikaimeza firigisi.

Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, hata mtoto wa chekechea anajua.

"Bana, huyu amekula cheo cha mzee," shangazi yake Nasimiyu akasema.

"Ni masomo, mama, ni masomo yamemfanya hivi," mjomba akajitetea.

Mzee akanawa mikono ya kumaliza mlo kabla hajaonja kitu. "Mtarudi siku nyingine. Mje na mtu anayejua kunyamaza."

Miezi miwili nilidhani nimempoteza Nasimiyu. Tuliporudi, na majogoo wawili, nilikaa kutwa bila kutamka neno, na posa ikakubaliwa. Wakati wa kuagana mzee akanivuta kando ya zizi. "Ile sarufi ya kwanza. Maana ikishapanda juu, inakutana na nini?"

Jibu nilikuwa nalo, zuri kabisa, la diploma. (Yeye na mjomba wote wawili wametutoka sasa, na bado ninalo.) Nikamtazama mjomba aliyesimama langoni na kofia mkononi.

"Mzee," nikasema, "hayo ataeleza mjomba."