Feni Iliyomeza "Ha"

Nilichomoa waya wa kompyuta ukutani mchana kweupe, wateja wamejaa, na kurasa nne ambazo sikuwa nimezihifadhi zikapotea hapo hapo. Sikujuta siku ile na leo sijuti.

Dakika moja kabla, Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akipaza sauti kushindana na ile mashine: "Huyu tangu ajifungue masikio yamekufa! Anasikia ya kwake tu." Wateja wawili wakacheka. Mhadhiri, mwenye kazi, hakucheka. Alishika ukurasa niliouchapa, kidole kwenye mstari mmoja. Alikuwa amewarekodi wazee wa Uluguru wakieleza habari za mashamba ya ukoo, na maandishi yale yangesomwa kwenye mkutano wa kijiji wenye mgogoro wa shamba. Mstari, maneno ya bibi mmoja, ulisema: *Shamba la mama tukauza.*

"Bibi hawezi kusema hivi," alisema Mhadhiri. "Kwao shamba linatoka kwa mama linakwenda kwa binti. Hii ikisomwa mkutanoni, amelipoteza kwa mdomo wake mwenyewe."

Ndipo nikachomoa. Mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukakoma. Nikarudisha kanda nyuma kwenye redio ya betri, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya bibi, ndogo, ya lafudhi ya mlimani: "Shamba la mama hatukuuza. Hatukuuza hata tuta moja."



Nawaandikia ninyi mabinti mnaoanza kuchapa sasa. Mimi si mzee, mtoto wangu wa pili bado ananyonya. Lakini ofisi niliyoanzia haipo tena, na namna tulivyofanya kazi imeondoka nayo. Nisipoandika mimi, ataandika nani? Meneja?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Niliripoti chumba cha wapiga chapa cha kiwanda kimoja cha nguo hapa Morogoro, kilipokuwa bado mali ya umma. Katibu Muhtasi Mkuu alinipokea, akafunika taipureta yangu kwa kanga ili nisizione herufi, akaanza kunisomea barua. Nilipoangalia chini alinipiga rula ya mkono. "Wewe, mpiga chapa anachapa kwa masikio," alisema. "Vidole ni watumwa tu." Nilimchukia mwaka mzima. Sasa namshukuru kila siku, maana kila nilichojua kilitoka kwake.

Kisha mambo yakafunguliwa, soko likawa huria. Kiwanda kikatangazwa kuuzwa, tukapunguzwa kazi, yeye, mimi na mafundi. Wakati huo huo mji ukajaa maduka ya vifaa vya ofisi, na kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya zikaja kupitia Dubai. Nikapata kazi kwenye duka la Meneja, la kuchapia tasnifu za wanafunzi na kunakili kanda za watafiti.

Sasa niwaeleze ile kelele. Lile kasha la bati ambalo sote tunaliita sipiyu lina vitu ndani vinavyochemka, na feni zipo ili kutoa joto. Meneja aliogopa mashine kuungua, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu paa letu lilikuwa la bati bila dari. Lakini alichagua feni kama mtu anavyochagua honi ya lori. Alifunga tatu ndogo zenye mbio kuliko zote. Nilipolalamika mara ya kwanza alinijibu, "Dada, mashine yenye nguvu lazima ingurume. Ikinyamaza, mteja atajuaje kama tunayo?" Mara ya pili akaniambia niongeze sauti ya redio. Hedifoni zilikuwa zimekufa upande mmoja, na ule upande mzima nao ulikwaruza. Nilikuwa nikifika nyumbani Kihonda masikio yanavuma, mtoto wangu analia kitandani nami namsikia kama yuko nyumba ya jirani. Hilo ndilo liliniuma kuliko matusi yote.

Na kosa la ule mstari nalikiri. Ile "ha" ya bibi ilimezwa na feni. Nikasikia "tukuuza." Nikajisemea, hiki si Kiswahili, bibi wa watu amejikwaa. Nikamsahihisha! Nikaandika "tukauza," nikaendelea mbele na elimu yangu. Ile sentensi ya tuta feni ziliimeza nzima, nikaipita. Kiswahili chetu kinaweka kukataa mwanzoni mwa neno, kwenye silabi moja nyembamba, na ukiipoteza hiyo, mtu amekubali kile alichokikataa maisha yake yote.

Meneja hakuona hivyo. Jioni ile alinipa barua ya onyo kwa kuzima mashine bila ruhusa, na siku mbili za kujieleza kwa maandishi, la sivyo nisirudi. Mhadhiri naye aliacha kanda kwangu. "Irudie yote," alisema. "Kama umemeza neno moja, huenda umemeza mengine."

Kesho yake alfajiri, nimebeba feni ya aina ile ile iliyokuwa imetupwa dukani, nikaenda kwa aliyekuwa Fundi Mkuu wa Mitambo wa kiwanda chetu, mzee aliyelea zile feni kubwa za kunyonya vumbi la pamba. Baada ya kupunguzwa alifungua kibanda cha redio jirani na kwangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto mgongoni, feni mkononi. Nani kati yao analia zaidi?"

"Feni."

Akacheka, akavuta boksi la feni za mashine zilizokufa. "Chagua."

Nikachukua ndogo kuliko zote. Niliona ndogo ndiyo yenye kelele kidogo.

"Umechagua kama bosi wako," alisema. "Ndogo lazima ikimbie ndipo ihamishe hewa ileile. Mtu mfupi akitembea na mrefu, nani anahema? Chukua pana, izunguke taratibu."

Akanifundisha kusokota kila feni kwa kidole na kuisikiliza inavyosimama. Nyingine mhimili wake unazunguka ndani ya bushi, kijibomba chenye mafuta. Hiyo ni kimya ikiwa mpya, ikikauka inalalama. Nyingine ina beringi, vile vigololi, nayo inadumu sana ila ina mvumo mwembamba. Akaziunga moja moja kwenye betri, karibu na mgongo wangu. Ya kwanza, mtoto akashtuka. Ya pili akakunja uso. Ya tatu, pana, ya bushi, mafuta yake bado mazima, mtoto akaendelea kulala.

"Mkaguzi ameshapitisha," Fundi alisema.

Tukaenda dukani kabla hawajafungulia wateja. Msimamizi wa zamu alitufungulia akageuka pembeni, asije akaulizwa aliona nini. Fundi akawasha mashine, akanyofoa uzi kwenye ukingo wa kanga yangu, akaushika mbele ya kila feni. Tukaona aibu ya mle ndani: ya mbele ilikuwa ikiingiza hewa na ya nyuma nayo ikiingiza, joto linazunguka bila mlango wa kutokea. Ndiyo maana Meneja aliongeza ya tatu! Ubavuni mwa feni kuna kimshale kinachoonyesha hewa inakokwenda, na hakuna aliyekuwa amekitazama. Tukaacha moja tu ya zamani, mbele chini, ya kuingiza, nayo akaipunguzia umeme kutoka volti kumi na mbili hadi saba ili ipunguze mbio. Ile pana tukaifunga nyuma juu, itoe. Chini ya kila skrubu akaweka kipande cha tyubu ya baiskeli ili bati lisitetemeke. Tukawasha tena. Nikadhani haijawaka. Saa nzima baadaye nikashika kasha, lilikuwa vuguvugu tu.

Fundi hakutaka malipo yoyote ila kusikiliza kanda. Tulikaa hapo, mtoto analala, bibi anazungumza. Nikakuta "ha" nyingine mbili zilizomezwa.

Nimefanya kazi duka lile mpaka mwaka huu, nilipoamua kukaa na wanangu. Meneja hakuniomba radhi hata siku moja, na hasira yangu kwake sijaimaliza. Lakini feni za mashine nyingine zilibadilishwa kimyakimya, na ukurasa sahihi ulipanda mlimani kabla ya mkutano. Kwa mtu mmoja nina hasira. Kwa yule mama wa rula, kwa Fundi, kwa Mhadhiri aliyekataa kuamini karatasi, nina shukrani ambazo sijui kuzichapa. Ninachojua kuchapa ni hiki, nilichomkabidhi Meneja siku ile ya pili badala ya kujieleza:

Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FENI, ONYO, NA ULIYOYASEMA MBELE YA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Umetaka nieleze kwa nini nilizima mashine. Nilizima ili nisikie.

2. Masikio yangu hayakufa kwa kuzaa. Ninaomba maneno hayo uyafute mbele ya wateja, kwa sauti ileile uliyoyasemea.

3. Mashine niliyorekebisha isiguswe. Mbili zilizobaki zifanyiwe hivyo hivyo kabla mchapaji mwingine hajamsingizia mtu.

4. Kosa la ukurasa ule ni langu pia, nami nimelisahihisha. Ukinionya kwa kosa hilo, nitapokea. Onyo la kuzima nalirudisha pamoja na barua hii.

Mpiga chapa wako.

Nakala: Mhadhiri.
Nakala: Bibi wa kwenye kanda. Asomewe kwa sauti, mashine zote zikiwa zimezimwa.