Nilivyokwenda Ibra na Sheria ya Leseni

Miaka ile ya tisini niliamini, na wallahi ningeapa mbele ya kadhi, kwamba Maskati wamepitisha sheria: mwanafunzi akimwonea mwenziwe skuli, baba wa yule mwonevu ananyang'anywa leseni ya gari mpaka mwanawe aombe radhi. Niliipata darasa la usiku hapa Nizwa, ambako sisi watu wazima wenye vitambi tulikalia viti vya watoto wa darasa la pili. Mwenzangu wa dawati aliisikia kwa dereva wa teksi wa Izki, na dereva wa teksi, nani atamkadhibisha katika mambo ya leseni? Nikaieneza. Kila nilipoihadithia niliongeza kidogo, hata mwisho nikawa nimewaona kwa macho yangu mababa wa Sur wakipanda punda kwenda kazini.

Basi dada yangu Zuwena aliponipigia simu kutoka Ibra, nikaona sheria imepata kazi. Mumewe yuko kambi za mafuta, harudi ila mwisho wa mwezi. Mwanawe Yahya, kijana wa miaka kumi na nne, amekataa kwenda skuli, na mtihani wa mwaka uko mlangoni. Wenziwe wanamwita hanithi. Wanauigiza mwendo wake na sauti yake laini, na wiki ile walimpiga, wakamvua kanzu uwanjani na kuitupa kwenye falaji, mfereji wa maji ya mji. Akarudi nyumbani kwa fulana na kikoi, katikati ya soko.

"Njoo wewe, kaka," Zuwena aliniambia. "Wewe umesoma."

Nikaondoka Nizwa baada ya sala ya alfajiri, kwa gari langu ambalo hata ngome ya Nizwa huliamkia shikamoo. Izki nikajaza petroli. Toka hapo mpaka Sinaw ni changarawe tupu na jua la kukaanga yai juu ya kilemba, na njia nzima nilikuwa nikiifanyia mazoezi hotuba yangu ya Kiarabu fasaha, mpaka mbuzi wa pembezoni wakaanza kuafikiana nami.

Ibra nikenda moja kwa moja skuli. Mudiri, yaani mwalimu mkuu, alinipokea kwa tende na adabu zote.

"Kijana wenu hodari," alisema. "Lakini ajirekebishe kwanza. Atembee kama mwanamume, nao watamwacha."

"Na waliomvua nguo, wao watajirekebisha lini?"

"Wale watoto, ustadhi. Wanacheza."

Nikamtajia sheria. Akanisogezea tende nyingine. "Tusifike huko," akasema. "Leo alasiri tukutane sabla, tuyamalize kiungwana."

Alasiri, sabla, ambayo ndiyo baraza ya wanaume wa mtaa, ilikuwa imejaa. Hamed, kinara wa wale waonevu, alikaa ubavuni mwa baba yake, kaoga, kafukizwa udi. Vijana wakaambiwa wapeane mikono, wakapeana. Wazee wakasema alhamdulillahi. Hapo ikaletwa kahawa, na desturi ni kwamba mdogo wa wote ndiye anayemimina. Mdogo wa wote alikuwa Yahya.

Mnywaji akitosheka huitikisa finjani yake, ndipo mwenye dele la kahawa hupita kwa mwingine. Asipoitikisa, huongezewa. Wazee wakanywa, wakatikisa. Hamed akanywa, akainyoosha finjani bila kuitikisa. Yahya akamimina. Akainyoosha tena. Yahya akamimina tena, na tena, na Hamed akimkazia macho tu, mpaka mtoto akaikosa finjani, kahawa ikamwagika juu ya busati.

"Mimina vizuri, bi harusi," Hamed akasema kwa sauti ya chini.

Waliokaa karibu walisikia. Mzee mmoja akachekea ndevuni mwake.

Mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapo mzaha ulinikauka kinywani. Nikainuka, nikamshika Hamed kifundo cha mkono, nikaitikisa ile finjani mimi mwenyewe. "Umetosheka," nikamwambia.

Baba yake akasimama. "Unamshika mwanangu mbele za watu?"

"Wa kwako nimemshika mkono. Wa kwangu alivuliwa nguo mbele za watu, na hukuinuka."

"Wa kwako atembee kama wanaume."

"Atatembea apendavyo. Wewe ndiye utakayetembea kwa miguu kesho, leseni yako inachukuliwa."

Sabla nzima ikaangua kicheko. Baba Hamed akaitoa leseni mfukoni, akaiweka mbele yangu juu ya busati lililoroa. "Ichukue," akasema. Nikadhani ni kiburi.

Usiku Zuwena akafungasha nguo za Yahya, aje kwangu afanyie mtihani Nizwa. Alizikunja kwa nguvu kama anayezinyonga. "Anaondoka yeye," alisema, "na yule anabaki na dawati lake." Kila mtu Ibra alitaka Yahya abadilike: mwendo, sauti, skuli, na sasa mji. Hamed hakuna aliyemtaka abadilishe hata pahala pa kukaa. Yahya atakuwa mtu wa namna gani akikua, sikumuuliza, hilo ni lake. Nilichokiona ni alama mgongoni mwake, na mgongo wa mtoto hauna namna mbili.

Asubuhi tukashika njia ya kurudi. Izki tukasimama kunywa chai, nami bado natokota kuliko hiyo chai. Nikaapa kwamba wiki hiyo hiyo nitakwenda Maskati, nimtafute waziri, sheria itekelezwe.

Yahya aliiacha chai yake ipoe. "Mjomba," akasema, "hakuna sheria ya leseni."

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza mwalimu, tangu ulipotuhadithia Idi iliyopita. Nikamuuliza kama ipo nyingine yoyote ya kuwazuia waonevu."

"Akasemaje?"

"Kasema hakuna."