Mlango wa Friji Uliokuwa Nyuma ya Jiko

Friji lile lilinigharimu mishahara miwili ya marehemu mume wangu, cherehani yangu, na usingizi ambao mpaka leo sijarudishiwa. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, sijazidisha.

Nakumbuka mchana niliokwenda mjini kulinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi, Bwana Mohamedali, mfanyabiashara aliyekuwa anabadilisha vyombo vya nyumbani kwake. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa juzijuzi, nauza samaki Mtoni. Siku hizo samaki akibaki jioni alikuwa na njia tatu: akaangwe, abanikwe, au atiwe chumvi aanikwe. Akizikosa zote, wa paka. Mwenye friji mtaani tulimtazama kama mwenye benki.

Lilikuwa jeupe, zito, lenye komeo la chuma mlangoni. Ukisukuma mlango, unajibana wenyewe: ta! Bwana Mohamedali akanionyesha.

"Angalia, mama. Hii ikijifunga, aliye ndani hafungui. Siku ikifa, kwanza ng'oa mlango. Mimi nina wajukuu, nakwambia."

Mie nimelelewa sokoni. Nilishazoea kwamba kila neno la muuzaji lina bei ndani yake. Nikamjibu, "Kumbe mlango una kasoro, baba? Basi punguza."

Akapunguza. Nikarudi Mtoni nacheka njia nzima. Yaani nililipwa, mwanangu, ili niibebe ile hatari mwenyewe hadi nyumbani.

Friji lilinitumikia miaka. Mtaa mzima ulileta vyake: maziwa ya mtoto, maji ya kufuturu, dawa ya macho ya bibi fulani. Nikauza na barafu. Kisha mota ikafa. Fundi alikuja, akagongagonga, akatikisa kichwa, akadai nauli. Tukalisukuma uani, nyuma ya jiko. Mume wangu akataka tung'oe mlango.

"Friji bila mlango nani atalinunua?" nikamwambia. "Hilo si banda la kuku?"

Alasiri moja watoto walikuwa wanacheza kombolela, mie napara samaki. Nilizisikia kelele zao, halafu sikuzisikia, na nikashukuru kwa utulivu. Mara akaingia Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Zuhura hayupo kwako?"

Zuhura alikuwa binti yake wa miaka sita. Wenzake walisema amejificha na wao wamechoka kumtafuta. Tukaanza kwa utani: "Zuhura, toka, umeshashinda!" Tukaita tena, na safari hii utani ulikuwa umetuishia. Jirani mmoja akakimbilia Barabara ya Kilwa, mwingine kisimani. Mie nilizunguka uani mara mbili. Mara zote mbili nililipita friji lile, bega langu likaligusa, na sikusikia kitu. Mlango ule ulikuwa na mpira mnene. Uliwekwa ili baridi isitoke, na kilio nacho hakikutoka.

Nilipopita tena ndipo nikaziona trei za waya zimeegemezwa ukutani, zimepangwa vizuri kama kazi ya mtu aliyekuwa anafanya usafi. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena. Zilikuwa zote. Mie niliziacha ndani ya friji.

Nikapiga goti, nikavuta komeo, na Zuhura akadondoka mapajani mwangu, ameloa jasho, midomo imebadilika rangi, kucha zimevunjika. Mama yake alimnyakua, akampulizia mdomoni, akamwita jina, akapuliza, akamwita. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyokingoja kikohozi kile.

Kikaja.

Magharibi Mama Zuhura akasimama mlangoni kwangu. Nilijiandaa kwa matusi, nayo niliyastahili. Akauliza tu, "Dada, ule mlango ulikuwa unautunzia nini?"

Nikaenda kutafuta shoka.

Sasa nisikilize. Majokofu mengi ya leo mlango umeshikwa na mpira wenye sumaku, na mtoto akisukuma unaachia. Lakini haya mafriza ya kulala, yenye mfuniko juu, mnayouzia juisi na barafu, mnayatia komeo na kufuli wapangaji wasichukue soda. Yakiharibika mnayaacha uani yakingoja mnunuzi. Ng'oa mfuniko siku ile ile fundi anapotikisa kichwa, kabla hujafikiria bei. Na watoto wakinyamaza ghafla, usishukuru, inuka ukawaangalie. Chombo hiki kazi yake ni kuzuia hewa, hakitofautishi samaki na mtoto.

Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto hadi uzichoke, na uchoke hivyo hivyo mpaka uzeeke.

Nami nina shida yangu. Nyumba ya nne kutoka kwangu amehamia kijana, ameweka friza bovu nje, komeo linaning'inia. Nilikwenda kumwambia ang'oe mfuniko. Akanipa shikamoo na kiti, kijana ana adabu, kisha akacheka: "Bibi, nimeshaambiwa wewe hatari kwa kupatana. Bei haishuki hata mia." Nikamsimulia habari ya Zuhura yote, kama nilivyokusimulia wewe. Akanipigia makofi. Nikaona basi, nikamwambia nalinunua kwa bei yake mwenyewe. Akashtuka, akapandisha.

Kwa hiyo kila alasiri, watoto wakitoka madrasa, nachukua mkeka wangu nakwenda kukaa juu ya lile friza mpaka magharibi. Mtaani wanasema nimezeeka vibaya. Lakini wiki ijayo naitwa Ukonga, binti yangu anajifungua, na pale juu hatakuwepo mtu. Nishauri, mwanangu, tena upesi: nimwambie neno gani kijana yule ambalo hatalisikia kama bei?