Matundu ya Bunduki

Jirani anapaka nyumba yake chokaa, na mimi nimefunga madirisha kwa hasira. Harufu hiyo mbichi ndiyo iliyotupokea siku maître, mwalimu wetu, alipopeleka darasa letu kuona ngome ya Wazungu wa zamani, pale juu ya ziwa. Kuta zilikuwa nene, za baridi, na chokaa ilibaki viganjani kila ulipozigusa.

“Hii ngome ilikuwa inalinda babu zenu,” maître alisema. “Maadui balikuwa banatokea ku ziwa. Mupige makofi.”

Tukapiga.

Ukutani kulikuwa na matundu membamba ya kupitishia bunduki. Nikaweka jicho kwenye tundu moja, nikitafuta maji. Sikuona maji. Nikahamia la pili, nikahamia jingine: yote yalitazama kijiji chetu. Upande wa ziwa ukuta haukuwa na hata tundu moja.

“Maître, bunduki zilikuwa zinaangalia kwetu.”

“Nyamaza, we mutoto. Mupige makofi tena.”

Wenzangu walipiga. Mimi nilirudisha jicho kwenye tundu. Pale pale mtutu wa bunduki ulipokuwa ukielekea zamani, mama yangu alikuwa ameinama, anaanika samaki wa ndagala.