Michi mitatu, kinu kimoja: siku niliyojisahau Kinole

Wakuu, shikamooni wakubwa, na rika langu mambo.

Mimi huwa nasoma humu kimyakimya, hata kuandika naona aibu. Ila hili nalitoa lilivyo, sijatia chumvi.

Niko form three, naishi Mwembesongo. Tatizo langu ni moja: muda wote najiangalia. Nikitembea nawaza ninavyotembea. Nikila mbele ya watu nasikia meno yangu mwenyewe.

Likizo hii tulipanda Kinole kwa bibi, kwenye harusi ya dada Zuhura, mtoto wa mama mkubwa. Kaolewa Ifakara, kahama kabisa.

Mashine ya kukoboa ipo kijijini. Lakini kwenye familia yetu, mchele wa sahani ya bibi harusi anautwanga mwenyewe na wadogo zake. Michi mitatu kinu kimoja, kwa zamu: huyu akishusha, yule ananyanyua.

Mimi kila mwaka huishia kwenye ungo, napepeta na watoto. Safari hii nilitaka kutwanga na Zuhura kabla hajaondoka. Nafasi nyingine nitaipata wapi?

Nikaingia. Wa tatu alikuwa binamu yangu Mwajuma (mdomo huo, acheni tu).

Kwaa! Michi ikagongana.

Tukaanza upya. Kwaa! Mpunga ukamrukia Mwajuma kichwani, akanigeukia:

"Mtoto wa mjini, unajitazama nini? Kwani kinu kina kioo?"

Uwanja mzima kicheko. Masikio yakaniwaka moto.

Mama mkubwa akasema, "Ukigonganisha tena unarudi kwenye ungo, mwanangu. Wageni wako njiani."

Nikashika mchi, tukaanza tena. Mara jogoo wa bibi akapanda kwenye mkeka wa mpunga, anakula kama kaalikwa.

"Shiii! We jogoo, toka!"

Wakuu, hiyo kelele ni mimi! Mimi ambaye mwalimu akiniita naitikia kwa kunong'ona. Na mkono haukusimama.

Zuhura akatunga wimbo palepale wa kumsema jogoo. Mwajuma akaitikia, nikaitikia. Harufu ya pumba, ukungu unashuka mlimani, michi inapishana... mimi sikuwepo. Kulikuwa na kutwanga tu. Hata makofi nilikuwa napiga, nauachia mchi hewani kisha naudaka, kama wao.

Halafu nikawaza: hee, kumbe naweza!

Kwaa!

Nikaweka mchi chini, nikaanza kwenda kwenye ungo mwenyewe. Zuhura akanivuta kanga.

"We, unaenda wapi?"

Mama mkubwa akachota kiganja kimoja kinuni, akapuliza pumba. Mchele mweupe.

"Huu umekoboka zamani! Mlikuwa mnatwanga wimbo tu."

Mwajuma alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote, wala sikukumbuka kuziba mdomo.

Nilichojifunza: aibu nimepigana nayo miaka, haikuondoka. Iliondoka nilipokuwa na kazi mkononi na watu pembeni, nikasahau kuichunga. Na ukigeuka tu kujipongeza, inarudi.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, mama akauliza kutoka sebuleni, "Nani huyo anaimba?"

Nilitaka kunyamaza. Nikachukua sufuria inayofuata, nikaendelea.

Na wewe mkuu, kazi gani hukufanya usahau kama upo? Semeni, nasoma zote. Mkitaka kunicheka, ruksa.